Mkono wa Ndagano kwenye Wago ya Mwisho

Nyinyi wajukuu wangu mnaofuta mtu kwenye foto kwa kidole kimoja, mnacheka, na mtu ametoweka kama hakuzaliwa: kazi hiyo niliifanya kabla yenu. Niliifanya kwa wembe na wino mwekundu, na nilisifiwa sana. Halafu siku moja mama wa mtu niliyemfuta alikuja nyumbani kwetu, hapa Songo, Uvira, akakaa kwenye mkeka, akaniomba nimrudishe mwanawe.

Nitafika hapo. Lazima kwanza mjue jinsi kazi ilivyokuwa, la sivyo mtadhani nawatungia hadithi.

Mimi ni Feza. Nilisoma mpaka mwaka wa pili wa primeri, kisha baba akasema inatosha, maji ya kuteka hayaulizi diploma. Kwa hiyo kuandika kwangu ni huku mnakokuona. Lakini jina la mtu likishaingia kwenye kichwa changu halitoki. Miaka yote niliyosafisha foto sikuandika jina hata moja nyuma ya karatasi. Mteja anaingia, namtazama, nasema foto yako iko tayari, Mama Riziki. Wengine walinikwepa, wakidhani ni uchawi.

Aliyenifundisha ni Mzee Anselme, mpiga foto wa karti za utambulisho. Alinichukua kubeba maji tu. Nikacheka moyoni, kazi gani hii. Kumbe maji ndiyo kazi yenyewe. Maji ya mto Mulongwe mvua ikinyesha yanakuwa uji wa udongo, na punje moja ya mchanga ikikaa kwenye kilishe inamtia mtu ndui usoni. Kilishe ni ile filme ambayo mweusi anaonekana mweupe na mweupe anaonekana mweusi; foto inazaliwa kutoka kwayo. Basi maji niliyalaza kwenye mtungi mpaka yatulie, nikayachuja kwa kitambaa mara tatu. Na kazi tulianza alfajiri, kabla jua halijapanda kutoka upande wa Burundi, kwa sababu dawa ya kusafishia foto ikipata joto la Uvira inalainisha filme, na sura ya mtu inateleza kama siagi. Nilimharibu hivyo katekista mmoja, Bwana Yoeli. Pua yake ilishuka mpaka kidevuni. Alikuwa mtu mpole. Alisema pengine ndivyo Mungu anavyomwona.

Foto za watu zilitupa chakula. Lakini Mzee Anselme hakuzipenda. Alipenda treni.

Ndiyo, Uvira ilikuwa na treni, msinitazame hivyo. Ilitoka bandarini Kalundu, ikafuata uwanda wa Ruzizi, ikapita Luberizi, ikaishia Kamanyola. Ilipanda na chumvi, simenti na mapipa ya mafuta, ikarudi na pamba na mchele. Mzee Anselme alitaka ile ya mizigo tu. Nilimuuliza kwa nini. Akaniambia:

"Feza, mzigo haukonyezi jicho. Na tangu nianze kazi hii, gunia la pamba halijanirudia kusema limetoka baya."

Jumapili baada ya misa alipanda baiskeli na kamera yake ya sanduku, nami nikakaa nyuma, nimekumbatia miguu mitatu ya kamera. Watu wakaanza kunong'ona. Mke wake, Mama Josefina, akasema naye atakuja, aone huyo treni amevaa nini. Alikuja mara moja kwa lori la mihogo. Alitukuta kwenye nyasi karibu na Luberizi, mume wake amelaza sikio juu ya reli, mimi nimeshika mwavuli juu ya kamera isipate joto. Alingoja mpaka alasiri, treni haikuja, akalala. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyetufungia ndizi za njiani, akiwaambia majirani kwamba mume wake ni mgonjwa, lakini ugonjwa wenyewe hauambukizi.

Sikio juu ya reli, mnaona, ndiyo saa yetu ilikuwa. Ukisikia kama nyuki ndani ya chupa, treni iko mbali, kula ndizi yako. Ukisikia kama mtu anasaga mahindi, amka, simama, funga pumzi. Asubuhi kaa upande wa ziwa, jua likiwa mgongoni, milima iwe nyuma ya treni. Milima ni giza, na moshi mweupe juu ya giza unapendeza kama pamba. Alasiri geuza, lakini harakisha, milima ya Uvira inameza jua mapema.

Sasa shida. Shida ilikuwa inaitwa Ndagano.

Treni ile ilikuwa na watu wake na wote nawajua. Pascal aliendesha mashini. Ramazani alitia kuni. Na Ndagano alikuwa mtu wa freni, yaani wa breki, amesimama nyuma kabisa, kwenye kijukwaa cha wago ya mwisho, behewa la mkia. Kijana mrefu, meno ya mbele yameachana kidogo. Pascal na Ramazani walijificha ndani ya moshi wao, hawakutusumbua. Lakini Ndagano, kila mara, wago ya mwisho inapoingia kwenye foto, amesimama wima na mkono juu. Kila mara. Hata mvua.

"Anajionyesha," Mzee Anselme alisema. "Treni nzuri hivi, na nyuma yake kuna mtu anapungia mkono kama anayeaga harusi."

Mara moja alipanda mpaka stasioni ya Luberizi kumwomba, kwa heshima kabisa, siku ya Jumapili akae chini. Ndagano alisikiliza, akaitika ndiyo mzee. Jumapili iliyofuata, mkono juu.

Basi nikafundishwa kumfuta.

Sikilizeni, hapa kuna ufundi. Treni ikiwa na milima nyuma yake, yaani giza, shati la mtu lenye jua ni doa zito kwenye kilishe. Unalikwangua kwa wembe, polepole, kama unayenyoa kichwa cha mtoto mchanga, mpaka doa liishe. Ulichokwangua kimekwenda, hakirudi. Lakini kama nyuma kuna ziwa au mbingu, kitu cheupe, mambo ni kinyume: mtu anakuwa kama tundu kwenye kilishe, na tundu unaliziba. Unachukua nywele tatu za mbuzi zilizofungwa kwenye kijiti, unachovya wino mwekundu, unapaka. Mzee Anselme alinipiga kidogo vidoleni mpaka nikajua kupaka upande wa mgongo, ule unaong'aa, si upande wa sura. Alisema wembe hauna toba, lakini wino ukikosea utauosha.

Nilikuwa na mkono mwepesi. Nilimfuta Ndagano mara kumi na moja, na mzee aliwaita watu kutoka barabarani waje kutazama mahali ambapo hapakuwa na mtu.

Ndagano mwenyewe alijua. Uvira ilikuwa ndogo. Nilikutana naye Kalundu nikinunua visamaki vya ndagala, nikamwambia kwa jeuri ya usichana kwamba nimemfuta tena. Alicheka na yale meno yake.

"Weye Feza, futa tu. Utafuta mpaka wino uishe, minye nitakuwa ningali mu wago yangu."

Treni ilikufa kabla ya uhuru kidogo. Walisema barabara inatosha, malori yanatosha. Siku ya safari ya mwisho tulichelewa, kwa sababu Mzee Anselme alikuwa amelia na hakutaka nione, akazunguka nyumba mara tatu akitafuta kofia iliyokuwa kichwani. Tulifika reli inasaga mahindi tayari, hatukuvuka, tukabaki upande mbaya, upande wa milima, karibu sana. Nyuma ya treni kulikuwa na ziwa jeupe pepepe. Mzee alilaani alichokiona, lakini alipiga. Wago ya mwisho ilipita mbele yetu kabisa, na Ndagano juu yake, mkono juu, mkubwa kuliko siku zote. Uso wake kwenye kilishe ulikuwa sawa na punje ya haragwe.

Hata huyo nilimfuta, ndiye wa kumi na moja. Kwa wino, kwa kuwa nyuma palikuwa peupe. Mzee alisema treni inastahili kuondoka safi.

Siku ya uhuru kila mtu alikwenda kutazama bendera, wanawake walipiga vigelegele mpaka sauti zikakauka, na Mzee Anselme aliuliza kama kuna anayejua zile wago kuukuu za Kalundu zimewekwa wapi. Tulizikuta kwenye majani, mbuzi wamelala ndani. Alizipiga foto kumi na mbili. Mbuzi hatukuwafuta. Alisema wao wamepanda bila kujionyesha.

Kisha ukaja uasi, na mchezo ukaisha. Wapiganaji waliingia mjini, ndege zikapita juu, watu wakaanza kuuliza kila mwenzao yuko upande gani. Mtu mwenye kamera na foto za reli na bandari angejieleza vipi? Angesema napenda treni? Nani angemwamini? Mzee Anselme alivuka kwenda Bujumbura na Mama Josefina na kamera. Kilishe aliniachia mimi. Alisema maneno mawili: "Pakavu, Feza."

Nilizitia kwenye bati la biskuti, nikaziba mdomo wake kwa nta ya mshumaa, nikalizika katikati ya gunia la mpunga. Mpunga unakunywa unyevu; liwekeni hilo akilini, hata simu zenu zikianguka majini. Tulipokimbilia milimani mama yangu alilibeba gunia lile kichwani siku mbili akijua ni chakula tu. Tulipofungua kula, akakuta bati, akafurahi, akadhani nimeficha biskuti. Sikumbuki mama yangu akinikasirikia kama siku ile. Lakini alirudi nalo, kichwani, mpaka Songo.

Tuliporudi, wengi hawakurudi. Ndagano alikuwa mmoja wao. Tangu treni ilipokufa alikuwa akipakia malori. Alikwenda Luberizi kutafuta mchele kwa ajili ya mama yake, na hapo habari zake zinakatika. Nyumba yao iliungua. Hapakubaki shati, hapakubaki kofia.

Mama yake, tuliyemwita Mama Ndagano kwa kuwa ndiye mtoto wake pekee, alingoja mavuno mawili. Wazee wa ukoo wakamwambia sasa yatosha, mtu asiyezikwa hatulii. Desturi ipo: mwili usipopatikana, wanakata shina la mgomba, wanalifunga sanda, wanalizika kwa jina lake, kilio kinafungwa. Aliwakatalia. Macho yake yalikuwa yameanza kuingiwa na ukungu, na alijua hayatadumu.

Ndipo alipokuja kwangu. Nilikuwa napepeta mchele. Alikaa, akaomba maji, akanywa nusu.

"Binti yangu, wanasema weye ndiye ulikuwa unasafisha foto za treni."

Nikaitikia.

"Mwana wangu alikuwa kila siku mu treni. Minye sitaki kuzika mgomba. Mgomba sikuuzaa. Nataka nione sura yake mara moja, macho yangu hayajafunga, halafu wazike wanachotaka."

Nilimwambia hayumo. Ndivyo nilivyojibu, wajukuu wangu, na mikono yangu iliendelea kupepeta. Nilisema foto zile ni za wago tu.

Hakubishana. Alisema tu kwamba ni ajabu, kwa sababu Ndagano alimwambia mara nyingi kuhusu mzee wa kamera na msichana wake; alisema wanatupiga foto, mama, na mimi nimesimama nyuma na mkono juu.

Nikaona afadhali nijitetee. Nikasema ndiyo, alipenda kujionyesha.

Mama Ndagano alinigeuzia yale macho ya ukungu.

"Kujionyesha? Mtu wa freni akiinua mkono anamwambia wa mbele kwamba wago zote zipo, nyuma iko salama. Asipoinua, mashini inasimama. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Angeshusha mkono ili apendeze nani?"

Ungo ulinianguka. Mchele wote chini.

Nilimwambia kila kitu. Wembe, wino, mara kumi na moja, hata watu walioitwa kutoka barabarani. Nilidhani atanitemea mate. Aliuliza swali moja tu: "Zote?"

Nikavunja nta. Tulitandika kitenge, nikazipanga kilishe juu yake, nikaziinua moja moja kwenye mwangaza. Kumi zilikuwa na milima nyuma. Kumi nilizikwangua kwa wembe, kwa ufundi wangu wote, na mahali pa Ndagano palikuwa safi kabisa. Sijawahi kuchukia kazi nzuri namna ile. Ya kumi na moja ilikuwa ile ya upande mbaya. Kwenye ukingo kulikuwa na doa jekundu, refu kama mtu.

Niliweka maji ya mvua kwenye beseni. Sikuwa na hakika ya upande. Kama siku ile nilipaka upande wa sura, wino ungeondoka na ngozi ya filme, na yeye pamoja nayo. Nikaigusa kwa ncha ya kidole. Wino ulianza kutoka kama uzi, ukaenea, maji yakawa ya waridi. Mama Ndagano alikuwa ameshika mguu wangu, sijui kwa nini mguu. Nilipoinua kilishe, tundu lilikuwa limefunguka, na ndani yake kulikuwa na mtu mweupe mwenye meno meusi yaliyoachana, mkono juu.

Lakini hiyo ni kilishe. Mama hawezi kumtambua mwanawe akiwa mzimu. Karatasi nilikuwa nayo, kuukuu, imeoza pembeni. Dawa hakuna, Uvira nzima hakuna. Hapo nikakumbuka kitu ambacho Mzee Anselme alinigombezea siku zote: usiache karatasi juani, itageuka rangi. Vizuri, nikasema, igeuke. Nikalaza kilishe juu ya karatasi, nikazibana kwa kioo cha dirisha, nikaziweka uani jua la saa sita. Tukakaa tukifukuza kuku. Jua lilipofika milimani nikaingiza ndani, nikafunga mlango na madirisha, nikabakiza ufa mmoja tu.

Ilikuwa foto ya rangi ya kahawia, kama udongo uliolowana. Nilimwonya: haijapata dawa, mama, mwangaza uliomleta ndio utakaomla. Ukimtazama sana atazama kwenye giza.

Aliisogeza mpaka puani. Sijui alitazama kwa muda gani. Kuku waliingia bandani wenyewe. Hakulia. Alikuwa akitikisa kichwa kama mtu anayesikiliza habari. Halafu aliifunika kwa kitambaa chake cha kichwa, akasema wazee wasikate mgomba.

Tulimzika Jumamosi, foto ile ndani ya sanda. Mchungaji aliuliza kama si vizuri mama abaki nayo. Mama Ndagano akamjibu kwamba Feza amesema mwangaza utamla, na chini ya udongo hakuna mwangaza.

Mzee Anselme alirudi baadaye, dawa na karatasi mpya kwenye mfuko wa Mama Josefina. Nilisafisha vizuri foto nyingine kutoka kilishe ile ile, na yeye ndiye mtu wa kwanza niliyemwonyesha. Nilimweleza maana ya mkono. Aliitazama sana, akavua kofia.

"Feza, tuliondoa kitu kimoja tu kilichoifanya iwe treni. Bila yule ni wago zinazofuatana."

Kisha akaniambia nimpelekee Mama Ndagano. Nikaenda mbio. Lakini macho yake yalikuwa yamekwisha kufunga kabisa. Alipokea karatasi, akaipapasa mbele na nyuma. Ilikuwa nyororo, haikumwambia kitu. Nikaona aibu, nimeleta chakula watu wamekwisha kulala njaa. Nikataka kuirudisha. Aliishikilia.

"Mkono uko juu?" akauliza.

"Uko juu, mama."

"Basi nyuma iko salama," akasema, akaiweka kifuani, ndani ya nguo.

Tangu siku hiyo, miaka yote niliyofanya kazi hii, waliniletea kilishe nyingi wakitaka nimwondoe fulani: mke wa kwanza, shemeji mwenye deni la maneno, askari aliyepita nyuma. Niliwaambia mkono wangu umezeeka. Haukuwa umezeeka.